Programu ya Blogu Naifungua Mwisho

Kuna swali nimelijibu mara nyingi kuliko nilivyotaja jina langu: "Fundi, friji yangu imejaa barafu nyuma, gesi imeisha?" Nimelijibu nikiwa nimelala chini ya kaunta ya duka la juisi kule Majengo. Nimelijibu kwenye foleni ya feri Likoni. Nimelijibu na tochi ya gesi ikiwaka mkononi, simu nimeibana kwa bega. Na jibu halibadiliki sana: mara nyingi gesi haijaisha, ni mpira wa mlango umechoka, hewa inaingia na unyevu wake, na hewa ya Mombasa mwajua wenyewe ilivyo. Mwaka 2019 nikasema basi, nitaliandika mara moja tu kwenye blogu, kisha kila anayeuliza nimtumie kiungo.

Makala hiyo ilinichukua miezi miwili. Swali halikuwa gumu. Tatizo ni kwamba nilianza na programu ya blogu. Kila jioni nilikuwa naifungua, nachagua rangi, nabadilisha herufi, naweka picha ya juu, naitoa. Maandishi hayakufika hata aya tatu. Leo makala moja yanichukua wiki moja, tena bila kuacha kazi, na siri yake ni kwamba programu ya blogu ndiyo kitu cha mwisho ninachokigusa. Nitaeleza ninavyofanya, wewe chukua kinachokufaa.

Kuchagua programu ni kazi ya jioni moja

Nilianza na Blogger, kwa sababu ni bure na mwenye akaunti ya Google ameshafika nusu ya safari. Baadaye nikahamia WordPress. Hii ina sura mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna WordPress.com, ambapo unaishi kama mpangaji aliyepewa chumba na kitanda chake: bomba likivuja, si shauri yako. Halafu kuna programu yenyewe ya WordPress, ya bure, ambayo unaiweka kwenye seva uliyoikodi, yaani kompyuta ya mtandaoni, na kuifagia, kuisasisha na kuilinda ni juu yako. Mimi niko kwenye hii ya pili kwa sababu siwezi kuona kitu nisikifungue nione ndani mna nini. Wewe si lazima.

Mteja akitaka kununua friji ya mtumba, huwa namwambia atazame kwanza kama spea zake zinapatikana. Kwenye programu natazama hivyo hivyo. Blogger ipo tangu 1999, Google wakainunua 2003, na mwaka huo huo WordPress ikatoka. Zote bado zatembea. Na zote mbili zina mahali pa kutolea maandishi yako yote kwa faili, siku ukitaka kuhama. Programu isiyo na mlango wa kutokea mimi siingii.

Mandhari, yaani sura na rangi za blogu, chukua iliyokuja na programu. Hakuna aliyewahi kunipigia simu kusifu rangi.

Tahadhari moja kwa anayejifunza kwa video. Mafunzo niliyoyapata yalionyesha ukurasa mmoja mweupe kama wa barua, na vitufe vyake juu. Yangu haikuwa hivyo kabisa. Kumbe Desemba 2018, toleo la 5.0, WordPress walibadilisha sehemu ya kuandikia. Sasa kila aya ni bloku yake, kila picha bloku yake, unazipandisha na kuzishusha kama makreti ya soda. Wiki nzima natafuta vitufe ambavyo havipo. Ukifungua video, tazama tarehe yake kabla hujamsikiliza mwalimu.

Daftari lenye grisi

Kibanda changu kiko Mwembe Tayari, nyumbani ni Likoni, kwa hivyo kila siku navuka maji mara mbili. Wako watu wanaoweza kuandika wakiwa kwenye feri. Mimi pale mkono mmoja uko kwenye mkoba wa vifaa na macho yako kwa pikipiki inayotaka kunikanyaga. Kwa hivyo feri siandiki. Nakusanya.

Chombo cha kwanza ni daftari la kazi, lile ambalo ningekuwa nalo hata nisingeandika: tarehe, aina ya friji, mteja amelalamika nini, nimekuta nini, nimebadilisha nini. Nililoongeza ni nyota pembeni. Kazi iliyokuja na swali ambalo nimeshawahi kulisikia, naitia nyota. Swali likifika nyota tatu, hilo ni makala. Sijawahi kukaa nikajiuliza niandike nini.

Chombo cha pili ni sauti. Jambo likinijia njiani najirekodi kwenye simu, nusu dakika, si zaidi, kwa sababu nikirefusha sitarudi kulisikiliza. Najitumia kwenye WhatsApp, kwenye namba yangu mwenyewe.

Na hapa kuna kanuni ambayo naishika kama dini: nakala ya kwanza ya kila wazo ni maneno ya mteja, si yangu. Mama mmoja anayeuza barafu za ukwaju aliniambia, "Friji yangu yafanya kazi mchana kutwa lakini hairudishi ubaridi, yanguruma tu." Fundi aliyesoma angeandika "hitilafu katika mfumo wa ubaridi". Nani anatafuta hivyo kwenye simu yake saa tano za usiku, samaki wake wakianza kunuka? Anaandika "friji inanguruma haigandishi". Basi hicho ndicho kichwa changu cha makala, karibu neno kwa neno, na nakipata bure kutoka kwa mwenye shida.

Kuandika, intaneti ikiwa imezimwa

Jumapili asubuhi baada ya chai naandika kwenye simu yenye kibodi ndogo ya kuunganisha, au kwenye kompyuta ya binti yangu akiniachia. Sitafuti programu kubwa. Natumia ile ya maandishi matupu, isiyo na mapambo, na nazima data kabisa. Sababu ya kuzima ni mbili. Moja ni ujumbe wa wateja. Nyingine ni kwamba niliwahi kuandika makala nzima ndani ya kivinjari, nikapigiwa simu, nikarudi, ukurasa umejifungua upya na maneno hayapo. WordPress hujihifadhia yenyewe kila baada ya dakika moja, ni kweli, lakini mtandao ulikuwa umekatika kwa hivyo hakikuhifadhiwa kitu. Tangu siku hiyo maandishi yangu yanazaliwa kwenye faili langu, kwenye kifaa changu, na kule kwengine yanakwenda kutembea tu.

Alama ninazotumia ni za Markdown, mtindo alioutoa John Gruber mwaka 2004. Usiogope jina. Alama ya reli (#) mwanzo wa mstari ni kichwa, nyota mbili kila upande wa neno ni herufi nzito, kistari mwanzo wa mstari ni orodha. Hizo tatu zanitosha. Uzuri wake ni kwamba ukibandika maandishi hayo kwenye WordPress, inazielewa alama na kuzigeuza kuwa vichwa na orodha yenyewe, na siku programu zote zikifa, faili lako bado linasomeka na jicho la binadamu.

Sasa, la kuandika lenyewe. Nitakuonyesha mwanzo wa ile makala yangu ya kwanza ulivyokuwa:

"Tangu zamani binadamu amekuwa akitafuta njia za kuhifadhi chakula chake ili kisiharibike. Katika dunia ya leo, friji ni kifaa muhimu sana katika kila nyumba, na ni vyema tukafahamu namna ya kukitunza."

Nilijiona mwalimu. Nikampa binti yangu asome, akasoma mistari miwili akanitazama. "Baba, mimi ndiye mwenye friji. Barafu imejaa, samaki wako ndani. Hii dunia ya leo yanisaidia nini mimi?" Nikanuna siku mbili. Siku ya tatu nikaandika hivi:

"Kwa uwezekano mkubwa gesi haijaisha. Chukua noti ya shilingi mia, ibane kwenye mlango wa friji, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango ndio mgonjwa. Zunguka mlango mzima hivyo hivyo, na pembe za chini usiziruke, huko ndiko kunakoanza. Kabla ya kununua mpira mpya, uoshe huu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa maana mara nyingine ni mafuta ya samosa tu."

Jibu kwanza, jambo la kufanya kwa mkono la pili, sababu baadaye. Anayetaka kujua kwa nini unyevu unaganda nyuma atashuka chini asome. Anayetaka kuokoa samaki ameshaondoka na noti yake. Tangu wakati ule kila makala naianza kwa kumwona mtu mmoja amesimama mbele ya friji iliyofunguliwa, simu mkononi, mlango anauzuia kwa goti. Aya ya kwanza ni yake.

Kwa upande wa lugha nina vita viwili. Cha kwanza ni simu yenyewe, inayosahihisha Kiswahili changu kwa Kiingereza. Gboard, kibodi ya Google, ina Kiswahili, kiongeze kwenye orodha ya lugha na mistari myekundu itapungua. Cha pili ni kizuri zaidi. Niliandika "stima ikikatika, usiiwashe friji papo hapo ikirudi, ngoja dakika tano." Msomaji wa Tanga akaniuliza stima ni kitu gani. Kwao ni umeme, na friji wengine kwao ni jokofu. Sikuacha kusema stima, ndiyo lugha ya nyumbani kwangu, ila mara ya kwanza kwenye makala naandika "stima, yaani umeme", na mbele naendelea na langu. Msomaji hapotei na mimi sijigeuzi sauti.

Pampu ikinguruma, nahariri

Siku ninayoandika sihariri. Makala inalala angalau usiku mmoja, na Jumatatu naifungua kibandani. Ukishaziba tundu la gesi inabidi uiweke pampu ya vakyumu ivute hewa na unyevu wote kwenye mfumo kabla ya kutia gesi mpya. Hiyo ni nusu saa ya kukaa bure, na ukiifupisha utaitwa tena kwa kazi ile ile. Zamani nilikuwa naimaliza kwa kupiga soga. Sasa ndiyo nusu saa yangu ya kuhariri.

Nasoma kwa sauti, kijana ninayemfundisha kazi akisikiliza huku anasugua kondensa. Pale pumzi inaponikatikia, sentensi ni ndefu, naikata. Pale kijana anaposema "hapo sijaelewa", sibishani naye, hata kama naona mimi nimeeleza vizuri. Yeye ndiye msomaji, tena msomaji anayejua friji. Kama yeye kaanguka, mama wa barafu za ukwaju atafika wapi?

Kisha naondoa. Kila mara kuna aya niliyoiweka kujionyesha, na naijua, kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ikinitia uchungu naihamishia faili la mabaki. Sijawahi kurudi kuichukua hata moja.

Sasa fungua programu

Bandika maandishi. Tazama vichwa vimekaa. Halafu mambo manne, na hilo la nne ndilo nitakalokaa nalo.

Picha. Simu ya siku hizi inatoa picha ya megabaiti tatu au nne, na msomaji wako anaifungua kwa bando la shilingi ishirini. Ipunguze kabla ya kuipakia, upana wa pikseli 1200 unatosha kabisa, nayo itashuka hadi kilobaiti mia mbili au chini. Andika maelezo mafupi ya picha kwenye nafasi yake, kwa asiyeona na kwa anayefungua picha zikigoma: "mpira wa mlango uliopasuka pembeni", si "picha 1". Na ukipiga jikoni kwa mtu, mwombe ruhusa, kata kila kisichohusika, na ukumbuke kwamba simu huweza kuficha ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Zima hilo kwenye mipangilio ya kamera. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini hata isingekuwapo, mteja aliyekufungulia mlango wa jikoni kwake hakukuambia umwoneshe dunia sufuria zake.

Anwani. Programu hutunga mwisho wa anwani kutokana na kichwa, na kichwa changu huwa kirefu. Naufupisha: friji-barafu-nyuma. Ufanye kabla ya kuchapisha, kwa sababu watu wakishatumiana kiungo, ukikibadilisha unaweza kuwafungia mlango.

Programu-jalizi, yaani vijiprogramu vya kuongezea programu yako kazi. Chache. Kila moja ni kitu kingine cha kusasisha, na usiposasisha ni dirisha uliloliacha wazi.

La nne ni saa. Makala yangu ya kwanza ndani ya WordPress nilitaka itoke saa moja asubuhi, watu wakinywa chai na mahamri. Nikaenda penye kupanga muda, nikaweka tarehe, nikaandika 01:00, nikalala kwa furaha. Ikatoka saa kumi, watu wengine hata adhana hawajaisikia, na nilipoamka ilikuwa imeshazama chini ya ujumbe mwingine. Nilikuwa nimefanya makosa mawili kwa mpigo. Kwanza, programu inahesabu kutoka usiku wa manane, si kutoka machweo na macheo kama sisi: saa moja yetu ya asubuhi kwake ni 07:00. Pili, WordPress ikiwekwa mpya huja na saa ya UTC, ile ya kimataifa, na sisi tuko mbele yake saa tatu. Kwa hivyo 01:00 yake ilikuwa 04:00 ya huku, yaani saa kumi zetu. Ingia mipangilio ya jumla leo hii, tafuta ukanda wa saa, chagua Nairobi. Kisha ukipanga asubuhi, ongeza sita kwenye saa yako ya Kiswahili. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Saa moja jioni, ongeza kumi na mbili tena, ni 19:00. Nimeibandika ukutani kwa kalamu nyekundu, pamoja na namba ya mtu wa kompresa.

Na kwenye WordPress ya kujiwekea mwenyewe kuna jambo jingine: makala iliyopangwa huamshwa na mtu anayetembelea tovuti. Kama hakuna aliyeingia, inaweza kuchelewa. Asubuhi ya makala mpya naingia mwenyewe nikipanga foleni ya feri, na inatoka.

Ikishatoka

Makala ya friji si gazeti la jana, mtu ataisoma baada ya miaka mitatu akaifuata kwa mkono wake. Niliwahi kuandika namna ya kutafuta tundu linalovujisha gesi, nikiwa na friji za gesi ya R134a kichwani. Sikutaja kwamba friji nyingi mpya zina gesi ya R600a, ambayo inawaka moto. Mwenzangu fundi akanipigia, hakunisalimu hata. "Wataka kumchoma mtu?" Nilirudi siku hiyo hiyo nikaweka onyo juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza: soma kibandiko cha kompresa, nyuma ya friji, ukiona R600a usilete moto karibu, mwite fundi. Chini nikaandika nimerekebisha nini na tarehe gani. Sifuti kosa kimya kimya. Kuna aliyesoma lile la mwanzo, na ana haki ya kujua limebadilika.

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya swala, naingia kwenye zana za programu, natoa maandishi yote, napata faili moja la XML, nalitia kwenye flashi. Kwa mwaka mzima nilijiona mtu mwangalifu. Halafu nikajaribu kulifungua faili lile kwenye tovuti ya majaribio, nione kweli linarudi. Maandishi yalirudi yote, mpaka nukta. Picha hazikuwamo, faili hilo hubeba anwani za picha tu, si picha zenyewe. Kwa hivyo sasa folda ya picha nainakili kando kwenye flashi ile ile, na flashi inakaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, imefungwa pamoja na kifuko cha kunyonya unyevu nilichokitoa kwenye kisanduku cha kompresa.